Doriano Zerbinati na Swali la Koti

Benki ilipofunga tawi lake pale mjini waling'oa kwanza mashine ya kutolea pesa, kisha kibao cha mlangoni, na mwisho wakamng'oa Doriano Zerbinati. Mashine angalau iliacha tundu ukutani. Doriano hakuacha alama yoyote, ingawa alikuwa amekaa nyuma ya kaunta ile miaka ishirini na saba, kipara kinang'aa kama sinia la arusi, na tai moja ya bluu kwa majira yote manne.

Alikuwa na miaka hamsini na nne. Mke hakuwa naye. Alikuwa na mama, Argia, fundi cherehani wa miaka themanini na moja, aliyewashonea suti za arusi nusu ya wanaume wa bonde lile, na nusu iliyobaki akawashonea za kuzikiwa. Waliishi wawili kando ya tuta la mto Adige, kaskazini mwa Italia, mahali ambapo ukungu ukibisha hodi Novemba hauagi hadi Februari.

Sasa, watu wa kule yeyote wanayemwona nyuma ya meza na tai shingoni humwita daktari, hata kama hajawahi kumtibu kuku. Doriano alikuwa daktari tangu siku yake ya kwanza kazini, na jina likamkolea kama rangi kwenye kitambaa cha bei rahisi. Kwa hiyo Scarparo, bosi wa kampuni moja ya washauri wa fedha kule Padova, alipompigia simu na kumwambia wanatafuta mtu anayejulikana na wazee wa bonde, Doriano hakushangaa hata kidogo. Alishangaa tu kwamba wamechelewa.

Sharti lilikuwa moja: leseni. Na leseni haipatikani ila kwa mtihani, Milano, mbele ya kompyuta. Scarparo akamwekea kiti kwa mwaka mmoja, ambao ulikuwa na mitihani mitatu. Asipofaulu, kiti kinaondoka, naye abaki na ghala la kufungashia radikio, zile mboga nyekundu chungu, asimame kwenye maji baridi pamoja na vijana wa umri wa kuwazaa.

Mtihani wenyewe si wa siri. Maswali yote yametolewa hadharani pamoja na majibu yake, maelfu kwa maelfu, na kila swali lina majibu manne: moja la kweli, matatu ya kukutega. Doriano akayachapisha yote, rundo la karatasi lenye unene wa gurudumu la jibini. Kisha akafanya wanalofanya nusu ya watu wa nchi ile wakikabiliwa na mtihani wa namna hii. Alichukua kalamu ya njano, akapaka jibu la kweli peke yake, akaapa kutoyatupia jicho yale matatu mengine yasije yakamchafua akili. Aliwauliza wenzake wa baa kwa nini mtu ajifunze uongo, nao wakatikisa vichwa wakaona kweli huyu kasoma.

Machi akaenda Milano. Majibu yakamjia manne manne, yote meupe, hakuna la njano. Yale matatu ambayo hajawahi kuyasalimia yalikuwa yamevaa vizuri, yana adabu, yanafanana kama mashemeji msibani. Ilitakiwa alama themanini kati ya mia. Alipata sitini na moja.

Baani alieleza kwamba kompyuta ilikuwa na kasoro.

"Zina hila hizo, daktari," Mzee Olindo akamuunga mkono. Olindo alikuwa dereva wa trekta mstaafu na mdomo wake haujastaafu. "Mimi ya hospitali ilisema nina mafuta kwenye damu. Mafuta nayatoa wapi, na pensheni hii?"

Hapo ndipo mama akaingia kazini, bila kuitwa. Kila siku baada ya chakula cha mchana alipangusa meza, akavaa miwani, akamsomea mwanawe swali na majibu yote manne, polepole, kama mtu anayesoma vipimo vya kiuno. Mwanzoni maneno yalimkwama kooni. Kufikia Juni Argia hakuhitaji tena kutazama karatasi.

Ukimuuliza hatifungani ni nini asingekueleza. Lakini kila swali alilichukua akalishona kwa uzi wake mwenyewe. Palipoulizwa kuhusu kuweka akiba yote ya mteja mahali pamoja, alisema hukati nguo za familia nzima kwenye gora moja, nondo akiingia wote uchi. Palipoulizwa mjane mzee auziwe nini, alisema bibi hashonewi sketi ya binti. Na palipotokea swali la mteja anayekataa kumweleza mshauri hali yake, yaani ana nini na anataka nini, Argia hakusubiri hata majibu yaishe.

"Asiyetaka kuvua koti humpimi suti," alisema. "Mrudishe kwake."

Na ndilo lilikuwa jibu: mshauri ajizuie, asimshauri lolote.

Doriano mwanzoni alicheka. Baadaye akaacha kucheka, maana mama alianza kujibu kabla yake. Julai alipata sabini na nne. Sihitaji cheti kujua alama zile kumi na tatu zilitoka wapi, na hata yeye alijua, ila baani alisema safari hii kiyoyozi cha Milano kilikuwa kizuri.

Agosti, Olindo alikwenda kwa Argia kupunguziwa suruali. Aliwakuta mezani. Akamsikia bibi akijibu maswali matatu mfululizo, pini amezibana midomoni, huku mwanawe akikuna kipara. Mzee hakusubiri hata suruali. Alifika baani na kutangaza kwamba anayestahili kupelekwa Milano ni Argia, na Doriano ambebee mkoba. Tangu siku hiyo, Doriano akikanyaga mlangoni, lazima mmoja aulize bila kuinua macho kwenye karata zake:

"Muuguzi, daktari hajambo?"

Siku ya tatu ya utani huo Doriano hakumaliza divai yake. Alirudi nyumbani akamkuta mama amekwisha kupangusa meza na kuvaa miwani, anamngoja. Akazichukua karatasi mikononi mwa mama.

"Mama, wewe shona. Haya si mapindo ya suruali."

Argia alivua miwani, akaikunja taratibu.

"Haya," alisema. "Nitashona."

Septemba na Oktoba Doriano alisomea chumbani kwake, mlango umefungwa, akijisomea kwa sauti, na upande wa pili wa ukuta cherehani ikilia. Kuna maswali yaliyomkwamisha, akanyamaza. Akinyamaza yeye, cherehani nayo ilinyamaza. Ilikaa hivyo kimya kitambo, kama mtu aliyeshika pumzi. Halafu ikaanza tena. Doriano aliisikia vizuri sana. Hakufungua mlango hata mara moja.

Novemba ikafika na ukungu wake. Mama alimpigia brashi koti la sufu, lile alilomshonea mwaka alioajiriwa benki, ambalo sasa lilimbana tumboni. Akamfunga vifungo hadi kooni, kama mtoto wa shule, na hakumtakia heri, kwa sababu kule kumtakia mtu heri ni kumwitia mkosi.

Mtihani ulikwenda vizuri. Hilo ndilo la kuumiza. Aliyatambua maswali, aliyajua majibu, na zilipobaki dakika kumi alihisi kabisa kwamba yuko ukingoni mwa themanini, kwa upande wa huku au wa kule. Ndipo likaja swali la mteja asiyetaka kueleza hali yake. Jibu la kwanza: mshauri ajizuie. La nne: mshauri ampe onyo la maandishi, asaini, kisha waendelee. Akamsikia mama yake kana kwamba amesimama nyuma ya kiti. Koti. Mrudishe kwake.

Na akawasikia wale wa baa wanavyocheka.

Wakulima wangapi wamesimama mbele ya kaunta yake wasiseme wana nini? Aliwasainisha, mambo yakaenda. Jibu la nne lilikuwa na karatasi, muhuri, sahihi. Lilikuwa jibu la mtu wa tai. Milano nzima itaendeshwa na sheria ya cherehani? Akabonyeza la nne.

Kompyuta haikumchelewesha. Sabini na tisa.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Laiti lingekuwa guu, lingewekwa plasta.

Ndani ya treni alifungua karatasi zake akalitafuta swali lile, ingawa alijua. La kwanza, njano tupu. Kabla hawajafika Verona Scarparo akapiga simu. Hakugomba, alikuwa mpole, na upole ule ulikuwa mbaya zaidi. Yupo binti wa Treviso, alisema, ana miaka ishirini na sita, kafaulu mara ya kwanza. Kiti kitamfaa yeye. "Ningekuwa na kiti cha pili, daktari, ningekupa." Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho mtu kumwita Doriano jina hilo bila kuficha kicheko.

Alipoingia nyumbani mama alikuwa amesonga polenta, ule ugali wao wa njano, na samaki mkavu aliyelowekwa siku mbili, chakula cha siku kubwa.

"Ngapi?"

"Sabini na tisa."

Argia aliushikilia mwiko hewani.

"Ni lipi?"

Angeweza kudanganya. Maswali yalikuwa maelfu. Alitazama sufuria.

"La koti."

Mama alipakua, fungu kubwa la mwanawe, dogo lake, akaketi. Mikono yake ilikuwa imelala mezani pale pale palipokuwa pakikaa zile karatasi.

"Vua koti, mwanangu, ule."

Doriano aliketi nalo, vifungo hadi kooni, umande wa ukungu bado uko mabegani. Polenta ilitoa moshi, ikaacha, ikaota ngozi juu. Mama hakumwambia mara ya pili.