Sindano ya Kibla

Ethel, ambaye mtaa mzima wa Mkomaindo humwita Mama Queen, alianza kutengeneza dira kwa sababu mumewe alizileta nyumbani zikiwa zimeharibika. Marehemu Dickson alikuwa akiwabebea wapima ardhi vyombo vyao. Yeye alizijua njia za porini. Mkewe alikuwa na vidole vyepesi. Baada ya mazishi watu waliendelea kuleta dira kuukuu za shaba, naye akaendelea kuzipokea, maana hakuwahi kupata nafasi ya kusema basi.

Siku hizi macho yake yana mtoto wa jicho. "Ndiye mtoto pekee aliyebaki nyumbani," huwaambia majirani, nao hucheka kuliko yeye.

Kijana mmoja, Uwesu, alipofika kwa pikipiki kutoka Newala, alimkuta kibarazani, miguu ameinyoosha.

"Shikamoo, Mama Queen."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo pikipiki iweke mbali, chuma kinavuta sindano."

"Niipeleke wapi?"

"Ikiwezekana irudishe Newala."

Uwesu akacheka, akaisukuma hadi barabarani. Aliporudi alieleza shida yake. Kijijini kwao walikuwa wamebomoa msikiti wa udongo ili wajenge wa tofali, na katika furaha ya kubomoa hakuna aliyekumbuka kuweka alama ya kibla. Sasa mafundi walitaka kuanza msingi.

"Simu zenu hazina dira?"

"Zinazo. Ya imamu inasema huku, ya fundi inasema kule. Wazee wameshanuniana. Wamekubaliana jambo moja tu: zamani ilitumika dira ya babu yangu, basi itumike tena. Ila imelala." Akaitoa mfukoni, akampa.

Kwao kibla na kaskazini ni karibu kitu kimoja, kwa hiyo sindano nzima ingetosha. Ethel akaisogezea kisu, sindano ikageuka, akakiondoa, ikarudi. Alipojaribu tena, ikasimama pengine.

"Imechoka," akasema. "Ncha inayoibeba imekuwa butu."

Akaifungua ile ncha, akainoa kwenye jiwe, kisha akaijaribu juu ya ukucha. Ncha kali hung'ata; hii iliteleza. Akanoa tena mpaka mgongo ukauma. Ikang'ata. Akairudisha sindano, akasogeza kisu. Bado ilisimama mahali pawili.

"Tofauti ni ndogo, Mama Queen," Uwesu akasema. "Mungu anajua nia."

"Mungu anajua. Wazee wenu je?"

Akaifungua tena ile ncha. Halafu akampa ncha na kioo cha kukuzia. "Nitazamie. Mimi sioni tena."

Hakuwa amewahi kumwambia mteja maneno hayo.

Uwesu akainama. "Kali ni kali. Lakini imelalia upande mmoja, kama muhindi uliopigwa na upepo."

"Upande gani?"

"Huu wa kwako."

Ethel akanoa, kijana akitazama na kusema bado, bado, mpaka akasema hapo. Wakaifunga dira. Kisu kikaja, kikaondoka, sindano ikarudi. Wakarudia, ikarudi palepale. Wakarudia tena.

"Alhamdulillahi! Mama Queen, mjomba wangu naye anayo moja, nitakuletea Jumamosi."

"Usilete. Waambie huko Newala kwamba nimestaafu."

"Tangu lini?"

"Sasa hivi."

Uwesu akadhani ni utani mwingine, akangoja acheke. Ethel alikuwa ameshafumba macho, ayapumzishe.