Nilimkatia Upepo, Akaniacha Njiani

Admin, nifiche jina tafadhali, maana huku Ikungi wanawake tunaoshindana mbio za baiskeli tunajulikana mmoja mmoja. Nina miaka 28, sijaolewa, nauza mafuta ya alizeti sokoni. Wengi mnajua mpira tu, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Kwenye mbio zetu mmoja hutangulia kukata upepo, mwenzake anajificha nyuma yake akitunza nguvu. Karibu na mwisho yule wa mbele ameshachoka, wa nyuma anachomoka na kushinda. Na upepo wa Singida si wa mchezo, ukitoka mjini kuelekea Manyoni unakupiga usoni mpaka machozi yanatoka.

Mimi na mdogo wangu, binti wa mama mdogo aliyenilea baada ya mama kufariki, tulipatana: mwaka mmoja namkatia yeye, unaofuata ananikatia mimi. Nikamkatia, akashinda, nikafurahi kweli. Mwaka jana ikawa zamu yangu. Alikaa mbele kidogo tu, akasema mguu umebana, nimpokee. Nikampokea kwa huruma, nikavuta mpaka kifua kikawaka moto. Tulipokaribia utepe, huyo mwenye mguu mbovu akanipita kama anakimbiza mwizi. Akachukuliwa timu ya mkoa, mimi nikarudi sokoni.

Kilichoniuma zaidi ni redioni. Mtangazaji alimuuliza nani alimsaidia, akajibu, "Hakuna, nimepambana mwenyewe." Nilikuwa nampimia mteja mafuta, nikayamwaga. Nilipomuuliza nyumbani alicheka. "Dada, umri wako umeenda. Ungefanya nini huko?"

Sikulia. Tangu siku ile napanga.

Mwezi ujao kuna mbio za kuchagua timu ya taifa, na nafasi ya mwanamke ni moja. Amekuja kuniomba nimkatie tena, kwa sababu upepo ule peke yake haumudu na anajua. Nimekubali nikitabasamu. Nia yangu ni kumvuta kwa kasi kali mpaka tukishapita Ikungi, pale palipo wazi pasipo mti wala nyumba, akiwa hoi, ndipo nichomoke nimwache. Kila asubuhi nafanya mazoezi kipande kile tu. Nikimuwazia anavyohangaika nyuma yangu, nacheka mwenyewe barabarani.

Tatizo ni mama mdogo. Jana nilimkuta anapepeta uwele, nikamwamkia. Alipoitikia akanishika mkono. "Mwanangu, mpeleke mdogo wako. Akipata yeye, tumepata wote."

Nikamuuliza, "Na mwaka jana mama, mimi nilipata nini?"

Akauachia mkono wangu, akasema bila kunitazama, "Mimi ndiye niliyemwambia asikusubiri. Wewe una biashara yako, yeye hana kitu."

Ndugu zangu, nilisikia baridi. Mama huyu alininyima zamu yangu, lakini ndiye aliyenilisha nikiwa mtoto. Nikimwacha binti yake njiani, najua ndiyo mwisho wangu wa kuingia nyumba ile.

Msiniambie nisamehe, hayo nimeshaambiwa kanisani. Nataka mniambie kitu kimoja tu: nimfikishe, au nimwache pale kwenye upepo? Nawasikiliza, ila mjue baiskeli nimeshaifanyia sevisi.