Karani na Baiskeli ya Babu

Jirani yangu hapa mtaa wa Tena, karani mwenye sauti ya tarumbeta, huifuta baiskeli ya marehemu babu yake kwa leso ileile ya kupengea kamasi, kisha hubandika kifuani pake medali ambayo babu huyo alipewa katika vita vya Burma. Ukimsalimu, anakupigia saluti. Ameandaa mbio za baiskeli za kuwachangia wajane wa askari, na keria ya nyuma, ile ya kubebea abiria, ameing'oa, eti inampunguzia mwendo. Jumamosi, mbio zikiwa zimeanza, alimkuta nyanyake barabarani akijikokota kwenda kliniki. Akapiga kengele kwa hasira.

“Nyanya, kaa kando! Namkumbuka babu!”

Nyanya akasogea, akaegemea fimbo yake.

“Hata mimi namkumbuka,” akasema. “Yeye akinikuta njiani, alikuwa anasimama, ananipakia.”