Chinyimba Ndani ya Stoo

Nimehama sana. Kitale ndiko nilikojifunza kuchomelea vyuma baada ya kumaliza kidato cha nne, kwenye uwanja wa mafundi wa jua kali ulio nyuma ya maghala ya mahindi. Nikatoka nikaenda mji mdogo wa Kwanza, kisha Bokoli, kila mahali msimu mmoja au miwili, kila mahali nikikumbuka nilikotoka. Darasa sikuwahi kulifikiria mpaka chuo kidogo cha ufundi karibu na Myanga kilipopata ruzuku na kutafuta mwalimu.

Shirika lililotoa ruzuku lilikuwa na ofisi Kitale. Nusu ya kwanza ilinunua mashine na vyuma, ikalipa na mkataba wangu. Nusu ya pili ingekuja baada ya afisa wao kuona kazi za wanafunzi kwa macho yake. Isipokuja, darasa lingefungwa kabla ya mtihani. Aliyekosa usingizi zaidi alikuwa mama mmoja kijana aliyefunga kibanda chake cha mboga ili asome.

"Mwalimu," aliniambia, "nikirudi sokoni bila cheti, si watanicheka mpaka sukuma zinyauke?"

Mpango wa ruzuku ulisema wanafunzi watengeneze madirisha na milango. Madirisha yao yalikuwa bado yamepinda. Lakini mwaka huo ulikuwa wa jando, na tangu Julai ianze wazazi walikuwa wakituletea maombi ya chinyimba, zile kengele za chuma ambazo mvulana huzigonga kwenye bangili zake akizunguka kualika jamaa. Tulizitengeneza kwa mabaki ya mabati ya milango. Katika kengele hizo mikono ya wanafunzi wangu ilitulia kuliko nilivyowahi kuiona.

Asubuhi ya ukaguzi, mkuu wa chuo aliingia karakana na madirisha mazuri aliyoyaazima kwa mafundi wa Bungoma mjini.

"Hizi ndizo kazi zetu," akasema. "Hayo makengele yapelekeni stoo. Afisa akiona vyuma vya mradi vimegeuka vitu vya jando, tumekwisha."

Sikupenda, ila mkataba wangu ulikuwa mkononi mwake. Tukazibeba kwa magunia, na kila gunia lililoinuliwa lilipiga kelele kama linalotusengenya.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa buti za kazi. Alipitisha kidole kwenye mshono wa dirisha, polepole, hadi mwisho.

"Hii alichomelea nani?"

"Darasa zima, Madam," mkuu akajibu.

"Darasa zima halishiki elektrodi moja ya kuchomelea."

 Wanafunzi walitazama viatu vyao. Hapo ndipo mzee mmoja, mzazi aliyekuwa ametuagiza chinyimba, akatokea mlangoni.

"Mwalimu, za kijana wangu ziko tayari? Leo anaanza kuzunguka."

"Mzee, rudi kesho," mkuu akamkatiza.

"Kesho? Ati aalike wajomba zake kwa kupiga makofi?"

Afisa akanigeukia. "Ni nini anachodai?"

Mkuu alinikazia macho.  Niliona kwamba ningechelewa hata kidogo, uongo wa madirisha ungekuwa wangu pia, na darasa lingeanguka nao. Nikafungua stoo.

Afisa alichukua kengele moja, akaiweka kando ya dirisha. "Vyuma vya mradi?"

"Mabaki yake, Madam."

"Mkono ulioshona hii haukushona dirisha lile. Ni wa nani?"

"Ni wangu," mama kijana akasema, kwa sauti ndogo.

"Basi tengeneza nyingine hapa hapa."

Alikata bati, akalipasha moto, akalikunja juu ya kipande cha reli. Alipoanza kuchomelea, elektrodi ilinasa kwenye bati. Mkuu akakohoa. Mama kijana akainasua, akaanza upya. Alipomaliza aliigonga, ikatoa sauti butu kama ya debe.

"Hiyo imelala, mama," mzee akasema. "Kijana ataaibika nayo."

Mwanafunzi wangu alinitazama. Nilifunga mikono yangu nyuma, kwa sababu ningeigusa tu, ingekuwa kazi yangu. Akaigeuza kengele, akaona mdomo umebana mno, akaupanua kwa tindo, pigo dogo dogo. Akagonga tena. Sauti ikatoka nje ya karakana, na mzee akanyoosha mkono kuidai.

"Chukua zako kwenye gunia lile," afisa akamwambia. "Hii naenda nayo Kitale."

Kisha akamwambia mkuu arudishe madirisha ya watu. "Nataka kuona yenu wenyewe, hata kama yamepinda. Nitakuja bila kuwaambia, na nikiyakuta, nitawaidhinishia nusu iliyobaki."

Jioni mkuu aliniita ofisini. Alisema nilifungua stoo bila ruhusa yake, na kwamba muhula ukiisha mkataba wangu nao umeisha. Sikubishana. Ulipoisha nilirudi Kitale, kwenye uwanja ule ule, nikakuta mafundi wengi nisiowajua.

Mama kijana alinipigia simu miezi kadhaa baadaye. Afisa alikuwa amekuja kweli bila taarifa, akapima madirisha yao, akawakemea kwa moja na kuyakubali mengine. Pesa zilikuwa zimefika. Yeye alikuwa ametoka kufanya mtihani asubuhi hiyo.

"Na mwalimu mpya?" nikamuuliza.

"Yuko. Ana kelele, bana. Lakini anafundisha."

Nilimwambia hiyo yatosha, na nilimaanisha, ingawa siku nzima baadaye mikono yangu haikushika kazi.