Hatua Ishirini Kutoka Getini

Siku tuliyomzika mke wangu, picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuwa ya kitambulisho. Waliikuza mpaka ikawa na upana wa sinia, uso ukajaa vimraba, macho yamemtoka kama mtu aliyeulizwa swali asilolitegemea. Na mimi ni mpiga picha. Zaidi ya miaka ishirini napiga harusi, kipaimara, sendofu na misiba ya watu wa Dodoma, halafu mke wangu mwenyewe akasindikizwa na picha aliyopigwa na mtu asiyemjua, aliyemwambia tazama hapa, haya, mwingine.

Watu wa mtaani kwetu, Chang'ombe ya Dodoma, hawana dogo. Nikiwa nimekaa chini ya turubai nilimsikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Kinyozi hajinyoi." Mimi ni mtu wa hasira za karibu, siku nyingine ningegeuka nikampa yake. Siku ile sikuwa na nguvu. Na alichosema kilikuwa kweli, ndiyo maana kiliniuma.

Si kwamba sikujaribu. Mke wangu hakutaka kabisa kupigwa picha. "Nina nini mimi cha kupigwa picha?" alikuwa akisema, na ukinyanyua kamera, yeye ananyanyua kiganja. Kwenye simu yangu ninazo picha zake nne na zote ni kiganja. Simu yake mwenyewe ilikuwa kitochi, ya kupigia na kupokelea tu. Picha yetu ya ndoa mchwa waliila pamoja na fremu, wakabakisha kioo. Watoto Mungu hakutujalia, kwa hiyo hapakuwa na wa kuniambia, "Baba, mimi ninayo moja."

Ila kulikuwa na shughuli moja iliyomfanya akubali kusimama mbele ya kamera bila ubishi. Majaribio.

Hizi kamera zetu za siku hizi, zile zisizo na kioo ndani, zina akili. Mwenye kiwanda akishakuuzia hajamalizana nawe. Kila baada ya muda anatoa programu mpya ya kuendeshea kamera, nasi tunaiita apdeti. Unaipakua kwenye kompyuta, unaihamishia kwenye kadi, unahakikisha betri imejaa, unabonyeza, halafu unakaa mikono magotini, maana ikikatikia njiani kamera inaweza kukufia mkononi. Ikimaliza, kamera ni ileile na lenzi ni ileile, lakini inajua jambo ambalo asubuhi haikulijua.

Zamani bibi harusi akisimama mlangoni mwa kanisa, jua la saa nane mgongoni mwake, kamera yangu iliona mlango. Uso wake mweusi haikuuona kabisa. Ikaja apdeti, ikauona. Ikaja nyingine, ikalipata jicho ndani ya shela. Iliyonifurahisha kupita zote ni ile iliyoifundisha kungoja. Kabla yake, mtu akikatiza mbele ya bibi harusi, fokasi, ule ukali wa picha, ilimwacha bibi harusi ikamfuata huyo. Na Dodoma hii, nionyeshe bibi harusi aliyeingia kanisani bila shangazi kukatiza na simu yake juu! Baada ya apdeti, shangazi anakatiza, kamera inatulia, bibi harusi akitokea upande wa pili inamdaka palepale kwenye jicho.

Sasa huwezi kwenda kwenye harusi ya mtu na apdeti ambayo hujaijaribu. Na kuijaribu kunahitaji kitu kimoja tu: mtu wa kutembea kuja kwako.

Mtu huyo alikuwa mke wangu. "Hiyo si picha," alisema, "hiyo ni kazi." Basi anaacha anachofanya, anafunga kanga upya, anakwenda hadi kwenye geti letu la mabati lenye michirizi ya kutu. Kutoka pale hadi barazani kwa jiko ni hatua ishirini, zake. Anageuka, ananitazama, anauliza, "Nije?" Nami najibu, "Njoo!" Anakuja. "Rudi." Anarudi. "Nije?" "Njoo, haraka haraka sasa." Mara nyingine alikuja akipitisha sufuria mbele ya uso, yeye ndiye bibi harusi na sufuria ndiyo shangazi. Siku moja alikuja akitikisa mabega kama wachezaji wa ngoma wa kwao Chamwino, huku anacheka mwenyewe, nikamkaripia kwamba ananiharibia jaribio. Nilimkaripia! Nikikumbuka natamani kujizaba kibao.

Tukimaliza, nakuza picha kwenye kompyuta, naangalia jicho lake. Silitazami kama jicho la mke wangu, jamani, naangalia kama limekaa sawa. Yeye anachungulia begani kwangu.

"Umeona ulichokuwa unakitafuta?"

"Nimeona."

"Haya, futa."

Nami nafuta. Miaka yote hiyo nilifuta. Kope zake ungeweza kuzihesabu moja moja, na kidole changu kinabonyeza kufuta bila hata kusita, maana picha za majaribio hazina kazi tena ukishajua ulichotaka kujua.

Mara moja tu tulibakisha. Ni wakati wa apdeti ile ya kungoja. Nilitaka kuwaonyesha wapiga picha wenzangu tofauti, kwa hiyo alitembea kabla sijaiweka, akatembea tena baada ya kuiweka, nikafungua mafaili mawili, KABLA na BAADA. Kwenye KABLA kamera ilikuwa imeng'ang'ania geti. Ile michirizi ya kutu iliipendeza kuliko binadamu, na mke wangu alikuwa ukungu uliofungwa kanga. Kwenye BAADA alikuwa safi toka getini hadi puani kwangu. Alikaa pembeni yangu akazitazama zote.

"Hizi za BAADA futa," akasema. "Naona mpaka chunusi."

"Na hizi za KABLA?"

Akautazama ule ukungu, akacheka. "Hizo ziache. Humo simo."

Aliugua majuma mawili tu. Sitasimulia ugonjwa. Nilirudi kutoka kuzika nikakuta kanga yake kwenye kamba, imekaukia pale tangu siku tuliyokwenda hospitali, imejaa vumbi la upepo wa Dodoma. Sikuitoa.

Miezi michache baadaye ikatoka apdeti nyingine. Nikaiweka kwa mazoea, nikatoka barazani, nikapiga goti, nikaweka jicho kwenye kamera, nikaielekeza getini. Nikasubiri. Nilisubiri kweli, kama mtu anayesubiri kuulizwa. Kamera ikazungusha kimraba chake kwenye mabati, ikatafuta mtu, haikumpata, na mimi nikainuka nikaingia ndani nikalia bila aibu.

Ningeweza kumwomba jirani. Lakini utamwambia nini mtu, njoo utembee kuja kwangu? Nilijaribu kwa kuku wa jirani, maana kamera sasa inawajua hata ndege, lakini kuku hana nidhamu, anakuja hatua mbili anakumbuka jambo, anaondoka. Mwishowe nilisoma kwamba apdeti hiyo inaijua treni pia. Nikafunga safari hadi Zuzu, nje ya mji, treni inakopita, nikasimama mbali na reli. Treni ikatokea upeoni, kamera ikaishika uso kwa uso, haikuiachia mpaka iliponipita na kelele zake. Nilirudi nyumbani na picha sitini za treni, hakuna hata moja yenye ukungu, na sikuwa na wa kuchungulia begani kwangu. Nilizifuta mwenyewe bila kuambiwa.

Kisha akapiga simu shemeji yangu. Ni mdogo wa kike wa mke wangu, anaishi kwao Chamwino, na mimi na yeye tuna utani wa siku nyingi. Akisema salamu lazima aichanganye na tusi dogo la kindugu.

"Shemeji, mzima? Au njaa imeshakumaliza, mwanaume asiyejua kusonga ugali?"

Nikamwambia mzima. Akaniambia ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja imekaribia, na kwamba Jumapili atakuja kuchukua picha ya kuweka kwenye fremu na kwenye kava la ratiba.

"Na ukinipa tena ile ya kitambulisho, nakuapia nitakuweka wewe kwenye hiyo fremu. Nimechoka kumkumbuka dada yangu akiwa ameshtuka."

Alitania, lakini sauti ilimkatika mwishoni. Nikamwahidi. Nikakata simu nikiwa sina picha.

Juma zima nilitafuta. Nilitoa kadi zangu zote, za zamani na mpya, nikaweka programu ile ya kurudisha picha zilizofutwa. Nilikuwa na tumaini, sitaficha. Programu ikachimba, na kila ilichofukua kilikuwa bibi harusi. Bibi harusi juu ya bibi harusi, keki, mashangazi, maua ya plastiki. Kadi ni kama ubao wa darasani, ukishaandika juu yake, la chini halisomeki. Juu ya mke wangu nilikuwa nimepiga harusi za watu. Ningekuwa na mtu wa kumfokea ningemfokea, ila aliyebonyeza ni mimi na aliyeniambia nibonyeze ameshazikwa.

Jumapili shemeji akafika alipotoka kanisani, na mkungu mdogo wa ndizi. Akaingia, akaiona kanga ingali kwenye kamba. Kisha akavuta kiti mbele ya kompyuta yangu.

"Haya, mpiga picha maarufu. Nionyeshe."

Nikamwambia ukweli. Kwamba dada yake alikuwa akiniambia nifute, na nilifuta. Kwamba zimebaki hizi za KABLA peke yake, na kwamba yeye mwenyewe aliziacha kwa sababu humo hayumo.

"Fungua."

"Ni ukungu, shemeji."

"Nimesema fungua. Hata ukungu wake naujua."

Nilifungua ya mwisho kwanza, ile aliyokuwa amefika karibu kabisa na mimi, nikidhani kwa kuwa ni kubwa huenda kuna cha kuokoa. Hakukuwa na kitu. Uso wake ulikuwa umeyeyuka. Nikarudi nyuma moja. Akawa mdogo kidogo. Nikarudi nyingine na nyingine, naye akawa anaondoka kinyumenyume kwenda getini, na mimi nikawa sitaki kuendelea kwa sababu nilikuwa namwona anakwenda. Shemeji akanigusa mkono niendelee. Sijui kama aliona, lakini mimi niliona: kadiri alivyokuwa mbali, ukungu ulikuwa unapungua. Mkunjo wa kanga ulianza kusomeka. Ukaja mkono. Zikaja ndala.

Ikafika picha ya kwanza kabisa, na hapo alikuwa bado hajaanza kutembea. Amesimama, mgongo karibu unagusa mabati. Kamera ilikuwa imeng'ang'ania geti, na yeye alikuwa getini. Zaidi ya miaka ishirini katika kazi hii na sikuwa nimeliwaza jambo jepesi kama hilo.

Nikaikuza taratibu. Alikuwa mdogo, mbali, kwenye kona moja ya picha, lakini yote yapo: ule mwanya wa meno, kovu la nyusi, jasho la jikoni kwenye paji la uso. Ananitazama moja kwa moja. Hakuna kiganja.

Shemeji alilia kwanza, mimi nikafuatia. Alipopata pumzi akajifuta kwa upande wa kitenge chake, akasema, "Alikudanganya. Humu yumo." Akaniambia hiyo ndiyo ya fremu, nisitafute nyingine. Kisha akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta.

"Mbona mdomo uko wazi? Hapa alikuwa anasema nini?"

"Anauliza, 'Nije?'"

"Ukamjibuje?"

Nikatamani asingeuliza. Nilikumbuka vizuri sana. Jua lilikuwa limebadilika, nikawa nahangaika na vitufe, nikabonyeza hiyo moja ili tu nipime mwanga, wala sikuinua macho kumtazama.

"Nilimwambia, 'Ngoja kwanza, bado sijawa tayari.'"