Siri Aliyopewa Bwana Pruitt

Honora Tierney, dobi wa Mtaa wa Orange mjini New York, alimkaribisha Bwana Pruitt kwa sababu ndiye mgeni wa kwanza aliyempa pole. Mdogo wake Delia alikuwa ameuawa kwa shoka katika nyumba alimokuwa mtumishi, na kijana wa tajiri mmoja alikuwa rumande kwa mauaji hayo. Polisi walikuja, wakauliza maswali yao wamesimama, wakaenda zao. Pruitt, mwandishi wa gazeti jipya la senti moja, alivua kofia, akala viazi, akamwacha mwenye msiba alie mpaka akatulia.

"Nieleze alivyoishi, dada yangu," alisema. "Wenzangu wataandika alivyokufa."

Maneno hayo yakamwingia. Honora akasimulia ukaidi wa Delia na vichekesho vyake, na mwishowe akamtolea hata lile ambalo padri hakulijua: Rose, binti aliyekuwa akicheza uani, hakuwa wake wa kumzaa. Delia alimzaa bila mume, yeye Honora akamlea kama wa kwake, na kila Jumapili Delia alikuja kumtazama.

"Hilo liishie hapa," alisema. Pruitt akaweka mkono kifuani.

Kesho yake gazeti liligombewa kama njugu. Delia, aliyekuwa akipiga deki na kupasha maji, humo alikuwa kahaba mrembo aliyetupa mwanawe. Rose aliyasikia bombani, kwa wanawake waliomzoea. Alirudi na ndoo tupu.

Honora alimfuata Pruitt ofisini. Wala Pruitt hakujificha.

"Mtumishi akiuawa, mama, watu husoma siku mbili," alisema. "Hii wataisoma mpaka kesi iishe."

"Nilikulisha kwangu," Honora akamwambia.

Pruitt akainamia kazi yake.

Mahakamani, wakili wa yule kijana alisimama na gazeti mkononi, akasoma kila neno, mpaka marehemu akaonekana ndiye mkosaji. Kijana akaachiwa huru, na nje wakamshangilia.

Majira yote ya baridi Rose hakumwita Honora mama, wala jina lolote. Akitaka kitu, alikuja tu akasimama mbele yake. Honora hakumlazimisha. Hadi siku moja, wakikamua shuka, kila mmoja ameshika ncha yake, mtoto akauliza:

"Zile Jumapili alikuwa akija kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

"Mbona hukuniambia?"

Honora akashindwa kumtazama. "Nilimwambia mtu baki," alisema, "nikakuficha wewe."

Rose hakuiachia shuka; akaanza tena kukamua.