Bibi na Maswali ya Barazani

Juzi nilipita mtaa wetu wa zamani hapa Gisenyi, nikakuta nyumba ya mwalimu imebomolewa. Hata ile baraza haipo tena. Nilisimama pale, rafiki yangu, nikatamani sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga na chai ya tangawizi ya Jumapili zile.

Mwalimu alikuwa jirani yetu, mstaafu, aliyerudi kutoka Kongo kama sisi. Baada ya misa aliketi barazani na mpangaji wake, mtafiti kutoka Tanzania aliyekuja kuchunguza gesi iliyo chini ya ziwa. Walibishana juu ya kila kitu: kwa nini mlima hutapika moto, nani huandika historia, kama binadamu huzaliwa mwema. Mimi nilizipenda sauti zao. Bibi yangu alifunga dirisha letu.

"Mutu anatafuta gesi, kisha anauliza watoto bibi yao alizaliwa wapi," alinong'ona. "Bon, ile gesi iko mu tumbo yangu?"

Siku moja alichoka kusikiliza nyuma ya pazia. Akabeba karai la viazi, akanishika mkono, tukaenda. Aliegemeza kiti ukutani, asiwe na mtu nyuma yake, akamkabili mtafiti, akaanza kumenya.

"Muendelee. Mi niko hapa."

Mwalimu akammiminia chai. Mtafiti akauliza kwa upole, "Mama, wewe ulizaliwa wapi?"

"Busasamana."

Jumapili iliyofuata akamwambia Masisi, kule Kongo. Baadaye, Kanzenze.

"Mama, mbona kila mara unabadilisha?"

"Na we, mbona kila mara unauliza?"

Nilicheka peke yangu. Mwalimu alimweleza mgeni taratibu kwamba kuna miaka ya mauaji, huku na kule Kongo, ambayo jibu la swali hilo lilitosha kumfanya mtu asirudi nyumbani. Mtafiti akainamisha kichwa, akaomba radhi. Hakuuliza tena. Tangu hapo wakazungumza habari za nyota, za nyuki, za ndoto, na bibi akawa mbishi kuwashinda wote. Lakini kiti chake hakikuondoka ukutani.

Mtafiti alimaliza kazi akaenda zake. Mwalimu alifariki, na bibi akafuata. Siku ya kumtengenezea msalaba, fundi alituuliza aandike alizaliwa wapi. Mama yangu akataja Kanzenze. Mjomba akashangaa: yeye aliambiwa Masisi. Mama mdogo naye alikuwa na kijiji chake, na aliapa kwamba bibi alimwambia yeye tu.

 Tukamwambia fundi aandike jina la bibi tu.